Dume mmoja wa Hampshire kwa kazi mbili, maonyesho na bucha: wadau naombeni macho yenu

MwanaKibosho (mleta uzi)

Wakuu habari za wikiendi.

Mimi ni mtu wa Kibosho, mwaka wa 11 huu nipo Iowa, Marekani. Mchana nafanya kazi kwenye mabanda ya watu, jioni nipo kwenye banda langu. Kwa asiyeijua Iowa: watu ni milioni 3 na kidogo, nguruwe wanapita milioni 20. Huku ukimwambia mtu unafuga nguruwe hashangai, anakuuliza wangapi.

Nina majike 9. Sita ni chotara wa Yorkshire na Landrace, hao ni wa biashara, watoto wao wanakwenda machinjioni wakifika kilo 125 hadi 130. Watatu ni Hampshire safi wenye karatasi za usajili, na mwenye mali hapo ni binti yangu wa miaka 12. Yupo klabu ya 4-H, ile ya watoto na vijana wa huku wanaojifunza mambo kama ufugaji, na kila Julai anaingiza nguruwe kwenye maonyesho ya kaunti: maksai mmoja au wawili kwenye kundi la nguruwe wa nyama, na mtamba kwenye kundi la mbegu.

Dume wangu wa sasa kazeeka na kawa mzito, majike wadogo hawamhimili. Jumamosi nilikwenda kwa mzalishaji mmoja akanitolea Hampshire watatu, wote wa mwanzoni mwa Februari. Nawataja kwa namba za masikio. Huku nguruwe hawavai hereni tu, wanakatwa alama: sikio la kulia linabeba namba ya uzao, la kushoto namba ya mtoto ndani ya uzao huo. Kwa hiyo 14-3 na 14-7 ni ndugu wa tumbo moja.

14-3: huyu ukimwona mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Kifua kama mlango wa kanisa, mifupa minene, ukanda mweupe umepita mabegani na kushuka miguu ya mbele kama umepakwa na fundi rangi. Mafuta ya mgongo milimita 19, jicho la steki (upana wa msuli wa mgongo) sentimita za mraba 50, alifika kilo 113 siku ya 161. Chuchu 6 kwa 6, moja imezama.

14-7: mafuta milimita 15, steki 52, siku 157. Chuchu 7 kwa 7. Kifua cha kawaida, ukanda mwembamba kama mkanda wa suruali. Unampita bila kusimama.

22-1: mafuta milimita 16, steki 56, siku 148. Chuchu 7 kwa 7. Anatembea kama maji. Ila mguu wa nyuma wa kushoto una weupe uliopanda ukavuka lile goti linalotazama nyuma. Kwa kanuni za usajili wa Hampshire, weupe ukivuka mfupa wa goti hilo, mnyama hasajiliwi. Wana kanuni mpaka ya kidevu: mdomo ukifungwa, weupe wa chini ya kidevu usizidi sarafu ya senti 25.

14-3 ni dola 1,500. 14-7 ni dola 1,000. Huyo 22-1 mzee hakutaja bei, alisema tu anakwenda machinjioni Alhamisi ya wiki ijayo.

Binti anamtaka 14-3. Mama watoto, ambaye ndiye mweka hazina, ana swali moja tu: dume mmoja ataweza kazi zote mbili, ya maonyesho na ya bucha? Nina siku 5 za kuamua.

KitimotoMbezi

Mkuu natia nanga hapa. Swali la haraka kabla wataalamu hawajaja. Hiyo steki ya sentimita 56 mmeipimaje na mnyama yuko hai?

MwanaKibosho

Ultrasaundi mkuu, kama ya mama mjamzito. Wanapaka mafuta ya kula mgongoni usawa wa ubavu wa 10, wanaweka kidude, wanasoma unene wa mafuta na ukubwa wa msuli kwenye kioo. Halafu namba zinarekebishwa zote zisomeke kana kwamba kila nguruwe ana paundi 250, ndiyo hizo kilo 113. Bila hivyo mwenye mwili mkubwa siku ya kupimwa atawaonea wenzake.

Msomaji_tu

Mimi Mwislamu, sili wala sifugi, lakini nina mbuzi 40 Handeni na mambo ya madume yananihusu. Endeleeni.

Dkt_Zizini

Mleta uzi, umetupa wasifu wa madume watatu kwa ufasaha kabisa. Majike hujatuambia kitu. Dume hachaguliwi peke yake. Anachaguliwa kwa sababu kuna pengo kwa majike anakwenda kuliziba. Jike mwenye mgongo mfupi unamtafutia dume mrefu. Ukimpa dume ambaye naye ni mfupi umenunua kasoro mara ya pili, tena kwa fedha.

Kwa hiyo kabla sijasema lolote: hao 9 wana shida gani? Usinipe sifa zao, nipe shida.

MwanaKibosho

Daktari umenishika pabaya. Haya.

Chotara 6: warefu, maziwa mengi, wanalea watoto 11 hadi 12 bila kelele. Mapaja membamba. Steki ndogo.

Hampshire 3: nyama wanayo. Shida ni miguu ya nyuma. Imesimama wima kama nguzo, hasa kwa wawili ambao ni mtu na dada yake. Na hapa niungame. Mama yao nilimpandisha kwa mbegu niliyoagiza kwa kutazama picha ya dume aliyeshinda maonyesho makubwa. Picha nzuri ajabu, kichwa juu, miguu imepangwa. Watoto walipofika kilo 80 wakaanza kutembea kama wamevaa viatu vya kubana. Mmoja binti alimfikisha uwanjani Julai, akatembea nusu duara, akalala. Mbele ya jaji. Mtoto alilia mpaka tunafika nyumbani. Aliyeniuzia mbegu hakunidanganya hata neno moja, nilijidanganya mwenyewe kwa macho yangu.

Dkt_Zizini

Sawa. Sasa tunaweza kuongea.

Picha ya dume wa maonyesho hupigwa mnyama akiwa amesimamishwa kwenye majani marefu au maranda ya mbao, kwato hazionekani, ukanda umeoshwa. Mpiga picha mzuri anasubiri sekunde ambayo mgongo umenyooka. Hakuna picha inayoonyesha hatua. Wewe ulinunua sekunde.

Kwenye miguu angalia hivi. Mtoe dume bandani, mpitishe kwenye zege, wewe ukiwa ubavuni kwake, mita 4 au 5. Usimharakishe. Mguu wa nyuma ukikanyaga, uangalie unatua wapi: inapaswa kwato ya nyuma ije kukanyaga pale ilipotoka ya mbele au karibu sana. Anayekanyaga nusu ya njia ana goti lililonyooka au nyonga imebana. Kisha angalia kifundo kilicho juu kidogo ya kwato. Kinatakiwa kiwe na mteremko, kibonyee kidogo uzito unaposhuka, kama springi. Kikisimama wima, kila hatua ni nyundo kwenye viungo. Kikilala mno mpaka vikwato vya nyuma vinagusa sakafu, hilo nalo ni balaa. Mwisho kaa nyuma yake uone vidole viwili vya kila kwato. Viwe na ukubwa unaokaribiana. Kidole cha ndani kikiwa kidogo sana, uzito wote unaangukia cha nje, nacho kitapasuka.

Kwa dume jambo hili lina uzito kuliko kwa mnyama mwingine yeyote, maana dume anafanya kazi kwa miguu miwili ya nyuma. Anayeumwa magoti hapandi. Atamnusa jike, atatoa povu, atazunguka, basi.

Sasa rudi kwenye orodha yako. Majike Hampshire wana miguu wima. Huyo 14-3 wa kifua cha kanisa, anatembeaje? Umesema 22-1 "kama maji". Kwa 14-3 umekaa kimya. Kimya chako nimekisoma.

MwanaKibosho

Nimecheka peke yangu bandani. Daktari, 14-3 anakanyaga nusu ya njia. Nilikiona nikajifanya sijakiona.

Mama_Mbozi

Wanaume wote mko hivyo, si kwa nguruwe tu.

Mimi nipo Mbozi, nina majike 4, dume sina. Huku dume ni mmoja kijiji kizima, unampeleka jike au dume analetwa, malipo ni mtoto mmoja akiachishwa kunyonya. Anayemiliki dume anachagua mtoto mzuri kuliko wote. Kwa hiyo kila uzao mbegu yangu bora inaondoka. Daktari, kwa mtu kama mimi hii habari ya Hampshire inanihusu?

Dkt_Zizini

Shikamoo mama. Inakuhusu kwa namna mbili, na ya kwanza haina Hampshire ndani yake.

Dume wa kijiji anayetembea zizi kwa zizi ndiye njia nyepesi ya kusambaza Homa ya Nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu uliandikwa kitaalamu mara ya kwanza hapa hapa Afrika Mashariki, Kenya, mwaka 1921, na mpaka leo ukiingia zizini hakuna dawa, unazika. Virusi vinasafiri kwenye damu, mate, kwato, hata buti za anayemswaga. Pili, dume mmoja kwa kijiji miaka mitatu, mwaka wa tatu anapanda binti zake. Watoto wanapungua, wanazaliwa dhaifu, watu wanasema wamerogwa. Wakina mama wanne mkiungana mkanunua dume wenu, akakaa zizi moja, asitoke, majike ndio waje wakiwa wazima, mtakuwa mmepunguza hatari ingawa hamjaimaliza.

Ama Hampshire, faida yake kwako ni nyama kwenye mapaja na steki, na uchotara: ukimpandisha juu ya jike mweupe wa Large White au Landrace watoto wanakua kwa nguvu kuliko wastani wa wazazi wao. Kasoro yake: majike wa Hampshire kwa kawaida hawazai wengi kama weupe. Kwa hiyo dume awe Hampshire, jike abaki mweupe, watoto wote wauzwe. Usianze kubakiza binti zao wawe mama.

Mkulima_Kiambu

Boss, mimi niko Kiambu na nimefuga Hampshire kitambo. Hao chotara wake na jike mweupe wanatoka na rangi ya ajabu, mwili mweupe halafu huku nyuma kuna doa la kibuluu.

MwanaKibosho

Haswa. Huku wana jina lao rasmi kabisa, "matako ya bluu". Kwenye minada ya watoto wa maonyesho utasikia mtu mzima anapaza sauti kwenye kipaza sauti akitangaza matako ya bluu na watu wanapandisha bei. Mara ya kwanza nilidhani Kiingereza changu kimepotea.

Mkulima_Kiambu

Daktari, umeongea miguu vizuri, lakini mbona hujagusa damu? Miaka ya nyuma nilinunua dume mmoja mwenye misuli ya kutisha, akanizalia watoto wa misuli ya kutisha. Wawili walikufa kwenye gari tukielekea kuchinja, hata jua halijatoka. Waliobaki, bucha ikanirudishia nyama: nyeupe-nyeupe, laini, imetoa maji kwenye trei kama sukuma iliyotoka kuoshwa. Nikaambiwa ni "stress".

Dkt_Zizini

Nilikuwa naelekea huko.

Kuna jeni mbili ambazo mtu anayenunua dume mwenye misuli lazima aziulize, na kwa Hampshire ya pili ina uzito zaidi.

Ya kwanza ni hiyo ya Kiambu. Zamani waliitambua kwa kumvutisha mtoto wa nguruwe hewa ya halothani, ile ya nusu kaputi. Mwenye kasoro anakakamaa miguu. Tangu 1991 badiliko lenyewe kwenye jeni linajulikana, na kipimo ni unyoya au tone la damu. Jeni hii inajificha: mwenye nakala moja anaonekana mzima, tena ana misuli zaidi kidogo, ndiyo maana watu wa maonyesho wamekuwa wakiibakiza kwenye chotara wao makusudi. Ukipandisha mbebaji kwa mbebaji, kwa wastani robo ya watoto wanapata nakala mbili. Hao ndio wanaokufa kwenye gari. Kwa dume wa kununua jibu ni moja: karatasi iseme hasi. Usikubali "baba yake alipimwa".

Ya pili imetambuliwa mwaka 2000 na imepatikana hasa kwa Hampshire. Inaitwa RN. Hii haijifichi, nakala moja inatosha kuleta madhara. Msuli unaweka akiba ya sukari kupita kiasi, ile inayoitwa glikojeni, hadi asilimia 70 zaidi. Mnyama akiwa hai hakuna shida, tena anaonekana ameshiba vizuri. Akichinjwa, sukari ile inageuka asidi, nyama inakuwa chachu kuliko inavyotakiwa, inashindwa kushika maji. Anayetengeneza hemu anaingiza kilo 10 jikoni na kutoa pungufu kuliko alivyohesabu. Kwa bucha ya mtaani hamtaiona haraka, lakini mwenye kiwanda ataiona wiki ya kwanza.

Mleta uzi, unauza wapi chotara wako?

MwanaKibosho

Wengi machinjio makubwa. Kama 20 kwa mwaka nachinjiwa hapa kwenye machinjio madogo ya mjini, nauzia Wakongomani, Warundi na Watanzania wa Des Moines. Hao ndio wanaonilipa vizuri na ndio wakali. Kuna mama mmoja akiona maji kwenye mfuko anaurudisha bila kusalimia.

Nimempigia mzee. 14-3 na 14-7 wana karatasi, jeni zote mbili hasi. 22-1 hakupimwa kwa sababu alikuwa anakwenda kuchinjwa. Amesema nikitaka nichomoe unyoya nipeleke maabara kwa gharama yangu, atamshikilia kwa siku 10.

Msomaji_tu

Kwenye mbuzi tuna yetu. Watu wanapenda beberu asiye na pembe, anaonekana wa kisasa. Ukimpandisha juu ya jike asiye na pembe, unaanza kupata watoto huntha, si dume si jike. Jeni ya kukosa pembe imeshikana na hiyo kasoro. Mzee wangu hakuwahi kusoma, lakini alikuwa hakubali bila mmoja wao kuwa na pembe.

KitimotoMbezi

Uzi mtamu huu. Mimi ni mtu wa sahani, si wa zizi, ila nina shamba Mkuranga nataka kuanza. Mkuu MwanaKibosho, si unitumie mbegu za huyo 22-1 zikiwa zimegandishwa? Mbona za ng'ombe zinasafiri dunia nzima.

Papa_Lubumbashi

Ndugu yangu wa Mbezi, mie nafanya kazi Indiana kwenye kituo cha madume, kila siku tunakamua mbegu na kutuma. Ya ng'ombe inavumilia nitrojeni. Ya nguruwe ina ngozi dhaifu, baridi inaivunja. Ya kugandishwa ipo, lakini jike wanaoshika ni wachache na watoto wanapungua. Sisi tunatuma mbichi, iko ndani ya dawa ya kuitunza, nyuzi 17. Ikishuka chini ya 15 imeharibika, ikipanda juu inachoka. Inakaa siku 3 mpaka 7 hivi kulingana na dawa. Mfuko mmoja mililita 80, ndani yake mbegu kama bilioni 3. Ikifika Dar kama imefika itakuwa supu.

Sasa wewe Kibosho. Mie nakusoma tangu juzi nauma ulimi. Kwa nini unatafuta dume mmoja? Una kazi mbili. Majike 3 wa karatasi wanahitaji dume wa karatasi. Majike 6 wa nyama hawajui karatasi ni nini. Nunua mbegu kwa wale 3: mifuko 2 kila jike kwa joto moja, wa kwanza akisimama, wa pili baada ya saa 24. Ni mifuko 6. Hata kwa dola 100 mfuko, ni 600. Na kila jike unaweza kumchagulia dume wake, hulazimishi wote mume mmoja.

Halafu yule mwenye soksi nyeupe mpe wale 6.

MwanaKibosho

Papa, na hao 6 si ningewanunulia mbegu pia nisilishe dume? Dume anakula kilo 2 na nusu kwa siku, karibu kilo 900 kwa mwaka.

Papa_Lubumbashi

Utajuaje jike yuko kwenye joto? Hata sisi hapa kituoni wateja wetu wote wanabakiza dume mmoja wa kunusisha. Harufu iko kwenye povu la mate yake. Jike akiinusa na ukamkandamiza mgongo anasimama kama amepigwa misumari, masikio juu. Bila dume utapitwa na joto, na mfuko wa dola 100 utaumwaga kwa jike ambaye hayuko tayari. Huyo 22-1 atakulipa kwa pua tu, kupanda ni nyongeza.

Mkulima_Kiambu

Hapo Papa ameongea. Lakini mimi nasema kitu wengine hawatapenda: hizi maonyesho ndizo zimeharibu nguruwe. Mnatupa mnyama anayekua haraka, mwenye nyama, mwenye miguu, eti kwa sababu ana weupe vidole vinne juu ya goti. Halafu mnabaki na yule wa kifua ambaye hawezi kutembea nusu duara.

MwanaKibosho

Kiambu, nakubali nusu. Kanuni ya rangi haina uhusiano na nyama, ni ya kulinda jina. Hata jina lenyewe ni la juzi: chama cha kwanza kiliundwa Kentucky, kaunti ya Boone, mwaka 1893, na nguruwe hawa walikuwa wakiitwa "ngozi nyembamba". Hampshire limekuja 1904. Kwa hiyo walianza kwa kusifiwa kilicho chini ya ngozi, leo tunabishania kilicho juu yake.

Ila nusu nyingine sikubali. Jaji aliyemuona nguruwe wa binti yangu akilala, alimweka wa mwisho na akaeleza kwenye kipaza sauti sababu ni miguu. Alimtendea haki. Uwanja ni mahali pachache ambapo mnyama analazimika kutembea mbele ya watu. Anayeharibu ni sisi tunaonunua kwa picha.

Mkulima_Kiambu

Jaji mmoja. Nitajie kumi.

Dkt_Zizini

Hilo mtalimaliza wenyewe. Mimi nataka kumwambia mleta uzi kuhusu namba, maana tumezipita.

Tofauti ya mafuta ya mgongo na ya steki kati ya nguruwe na nguruwe, karibu nusu inatokana na damu, inarithiwa. Kasi ya kukua, kama theluthi. Idadi ya watoto kwa uzao, kama sehemu moja ya kumi tu, iliyobaki ni chakula, banda na usimamizi. Kwa hiyo steki ya 56 dhidi ya 50 ni fedha ya kweli, itaonekana kwa watoto wa chotara wako wenye mapaja membamba. Chuchu nazo zinarithiwa kupitia dume ingawa yeye hanyonyeshi: ile iliyozama ya 14-3 ingekuja kutokea kwa mitamba ya binti yako. Kwa 22-1 haina maana, hutabakiza binti zake. Hutabakiza, sivyo?

Na jambo la msimu. Sasa ni Agosti, Iowa kuna joto. Dume akikaa kwenye zaidi ya nyuzi 29 kwa siku kadhaa, mbegu zinazoharibika ni zile zinazotengenezwa, na utengenezaji unachukua kama wiki 6. Anaweza kupanda kwa bidii Septemba na majike wakarudi joto wote. Umuangalie korodani, ziwe kubwa, zinalingana, na uulize kama kuna ndugu yake yeyote aliyezaliwa na korodani moja au henia. Ndugu wa tumbo moja wanasema ukweli ambao dume mwenyewe anauficha.

MwanaKibosho

Sitabakiza, daktari. Tarehe ninazo. Maonyesho yetu ni wiki ya tatu ya Julai. Nikipandisha Oktoba 5, siku 114 zinaishia Januari 27, na mtoto wa siku hiyo tarehe 20 Julai atakuwa na siku 174. Kwa mwendo wa ukoo huo atakuwa kilo 125 au zaidi. Mbegu za Oktoba 5 zinaanza kutengenezwa mwisho wa Agosti, kwa hiyo feni na maji ya kunyunyiza vinaanza siku ileile anaposhuka kwenye gari.

Nimeuliza ndugu. Uzao wa 22 ulikuwa watoto 10, madume 5, wote korodani mbili, hakuna henia. Uzao wa 14 ulikuwa na henia moja. Mzee alinijibu bila kuzunguka, Mungu ambariki.

MwanaKibosho

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki 3 baadaye.

Maabara ilijibu siku ya 8: 22-1 hasi kwa jeni zote mbili. Nimemchukua kwa dola 450, bei ya nyama na kidogo ya heshima. Kabla ya kulipa nilimtembeza kwenye zege kama daktari alivyosema, mbele, nyuma, ubavuni, mpaka mzee akaniuliza kama namnunulia gwaride.

Yupo kwenye banda la peke yake nyuma ya gereji ya trekta, upande ambao upepo hauelekei kwa wengine. Siku 45. Buti zake, ndoo yake, na mimi humhudumia wa mwisho jioni. Damu imechukuliwa kupima PRRS, ile inayotoa mimba, itarudiwa kabla hajatoka. Wiki ya mwisho nitamwekea kinyesi kidogo cha majike wangu ili miili izoeane kabla hawajakutana.

Mbegu za wale 3 tutaagiza Oktoba. Binti kanishangaza. Kaandikia vituo vitatu kuomba video ya dume akitembea, si picha. Vituo viwili vimetuma. Cha tatu kikatuma picha nyingine nzuri zaidi, akakifuta kwenye daftari. Wale dada wawili wa miguu wima wamepata dume mwenye goti lililokunjika vizuri, hana kifua kikubwa.

Lakini binti bado hajamsamehe 22-1 ule mguu. Anamwita Soksi.

Mama_Mbozi

Sisi tumeshakuwa watatu, tunamtafuta wa nne. Dume tumeshamuona, Large White lakini, wa seminari. Chuchu nimehesabu mwenyewe, 7 kwa 7. Nimepiga magoti kwenye matope watu wananishangaa.

KitimotoMbezi

Tupia picha ya Soksi mkuu.

MwanaKibosho

Picha sitoi. Nitapandisha video akitembea, zege likikauka. Tangu jana mvua haijakatika.